Kigoda Alichonyimwa Zunz

Neno "chuo" limebeba historia ndefu. Zamani, kwa watu wa pwani, chuo kilikuwa kitabu. Kikawa pia mahali ambapo watoto huketi mkekani mbele ya mwalimu na kusoma Kurani kwa sauti. Leo, mtu akisema anakwenda chuo, wengi huwaza maktaba, vitivo na mahafali. Neno limevuka kutoka msahafu hadi shahada ya uzamivu bila kubadili herufi hata moja.

Wayahudi wa Ulaya waliifunga safari kama hiyo, ila kwao njia ilikuwa na miiba. Kwa karne nyingi elimu yao ilikaa katika yeshiva, chuo cha dini ambamo vijana huketi wawili wawili wakibishana kwa sauti juu ya ukurasa mmoja wa Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa sheria, mijadala na visa vya wazee wao. Yeshiva ya Volozhin, iliyofunguliwa mwaka 1803 katika nchi ambayo leo ni Belarusi, ikawa kielelezo cha nyingine nyingi. Aliyesoma humo alisoma ili aijue amri ya Mungu na kuitii. Nani aliandika ukurasa ule, lini, na alikuwa amesoma vitabu vya nani kabla ya kushika kalamu? Maswali hayo hayakuwa kazi ya yeshiva.

Yalikuwa kazi ya chuo kikuu, na chuo kikuu hakikuwa tayari kuwapokea.

Leopold Zunz alizaliwa Detmold, Ujerumani, mwaka 1794. Alifiwa na baba angali mdogo, akalelewa katika shule ya Kiyahudi ya Wolfenbüttel. Mwaka 1815 alijiunga na Chuo Kikuu cha Berlin, ambacho chenyewe kilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Walimu wake, Friedrich August Wolf na August Boeckh, walikuwa mabingwa wa maandishi ya Wagiriki na Warumi. Walimfundisha kulinganisha nakala, kupima umri wa lugha na kumtafuta mtu aliye nyuma ya maneno. Zunz alijiuliza: kama Homer anasomwa hivi, kwa nini marabi wasisomwe hivi?

Mwaka 1818, akiwa na miaka 23, alichapisha kijitabu chembamba kuhusu maandishi ya marabi. Ndani yake alionyesha kwamba Wayahudi hawakuandika juu ya ibada peke yake. Waliandika juu ya nyota, tiba, hesabu, biashara, sheria na ushairi, na yote hayo yalingoja msomaji mwenye elimu. Alionya pia kwamba wakati ule vitabu vya Kiebrania vilikuwa vingali rahisi kupatikana kuliko vitakavyokuwa baada ya miaka 100. Lilikuwa onyo la haki. Mwaka 1829 maktaba ya David Oppenheim, aliyekuwa rabi wa Prague, iliyohifadhiwa Hamburg kwa miaka mingi, iliuzwa kwa Maktaba ya Bodleian ya Oxford kwa thaler 9,000. Moja ya hazina kubwa za vitabu vya Kiebrania duniani ikavuka bahari.

Mwezi Novemba 1819 Zunz na wenzake wachache waliunda chama mjini Berlin kwa ajili ya utamaduni na elimu ya Wayahudi. Miongoni mwao alikuwamo Eduard Gans, mwanasheria hodari aliyekuwa karibu na mwanafalsafa Hegel. Baadaye akaingia mshairi Heinrich Heine. Walikuwa vijana, walikuwa na ndoto, na walidhani sheria iko upande wao, kwa kuwa amri ya mwaka 1812 ya Prusia, dola iliyotawala Berlin, ilikuwa imewaruhusu Wayahudi kufundisha vyuoni. Gans aliomba nafasi ya ualimu wa sheria. Jibu lilitoka kwa mfalme mwenyewe mwaka 1822: ruhusa ile imefutwa. Chama kikafa mwaka 1824. Mwaka uliofuata Heine akabatizwa, kisha Gans naye akabatizwa, na mwaka 1826 Gans akapewa uprofesa. Elimu yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni dini iliyoandikwa kwenye karatasi zake.

Zunz alibaki. Alifanya kazi gazetini, akafundisha shule, akaongoza chuo cha walimu, na usiku akaandika. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1832 kilifuatilia historia ya mahubiri katika sinagogi tangu nyakati za kale. Kwa nje kilikuwa kitabu cha kitaalamu kabisa. Lakini serikali ya Prusia ilikuwa imepiga marufuku mahubiri ya Kijerumani ndani ya masinagogi, ikidai ni uzushi. Kwa ushahidi wa miaka zaidi ya 1,000, Zunz alionyesha kwamba kuwahubiria watu kwa lugha wanayoielewa ni desturi kongwe ya Wayahudi.

Miaka minne baadaye serikali ilitaka kuwazuia Wayahudi kutumia majina iliyoyaita ya Kikristo. Jumuiya ya Berlin ilimwendea Zunz. Akarudi kwenye vitabu vyake, akaandika utafiti kuhusu majina ya Wayahudi, akathibitisha kwamba tangu kale wamekuwa wakijiita kwa majina ya Kigiriki, Kirumi, Kiajemi na Kiarabu kulingana na nchi walizoishi. Hapo msomaji anaona elimu hii ilikuwa na kazi gani. Haikuwa pambo. Ilikuwa wakili wa watu wasio na wakili.

Mwaka 1848 mapinduzi yalitikisa Ulaya, na Zunz akaona saa imefika. Aliiandikia wizara ya elimu ya Prusia akiomba kigoda cha uprofesa wa historia na fasihi ya Wayahudi katika Chuo Kikuu cha Berlin. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wabunge wanatunga sheria kuhusu watu ambao hawajui lolote juu yao, na ujinga huo huzaa chuki. Kitivo kilikataa. Wasomi wake walijibu kwamba kigoda cha namna hiyo kingewaimarisha Wayahudi katika upekee wao, ilhali enzi mpya ya uhuru inataka tofauti zifutike. Vigoda vya teolojia ya Kikristo vilibaki mahali pake.

Chuo kile kile kina ukurasa unaowahusu Waswahili. Mwaka 1887 kilifunguliwa ndani yake chuo cha lugha za Mashariki, na moja ya lugha zilizofundishwa tangu mwanzo ilikuwa Kiswahili. Baadaye Amur bin Nasur wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliofundisha huko. Mlango huo ulifunguka upesi kwa sababu Ujerumani ilikuwa imeanza kujichukulia Afrika Mashariki na ilihitaji maofisa wanaojua kuamuru na kuhoji. Zunz alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, 1886, bila kukiona kigoda chake. Tukiziweka habari hizi mbili pamoja tunaona jinsi dola ilivyochagua elimu: iliipokea lugha iliyoihitaji kutawalia, ikazikataa fikra za raia waliotaka tu kueleweka.

Waliokataliwa walijenga nyumba yao. Mwaka 1854 chuo cha marabi kilifunguliwa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław ya Polandi, chini ya Zacharias Frankel. Humo alifundisha Heinrich Graetz, mwandishi wa historia ya Wayahudi yenye juzuu 11. Mwezi Mei 1872 Berlin nayo ikapata Hochschule für die Wissenschaft des Judentums, yaani chuo cha juu cha taaluma ya Uyahudi. Mmoja wa walimu wake wa kwanza alikuwa Abraham Geiger, ambaye alipokuwa kijana Bonn alishinda tuzo ya chuo kikuu kwa insha juu ya Uislamu wa mwanzo na mapokeo ya Kiyahudi, na ambaye tangu miaka ya 1830 alikuwa akidai kitivo cha teolojia ya Kiyahudi ndani ya chuo kikuu cha Kijerumani. Wanafunzi wa nyumba hizi walisoma kwa miguu miwili: Talmudi huku, falsafa na historia chuo kikuu kule. Hivyo ndivyo Ujerumani ilivyopata marabi wenye shahada za uzamivu.

Si wote walioridhika. Moritz Steinschneider, aliyetumia miaka mingi kuorodhesha vitabu vya Kiebrania vya Bodleian, aliitwa kufundisha Hochschule akakataa. Alishikilia kwamba elimu hii ikifungiwa katika nyumba ya Wayahudi peke yao itadumaa. Mahali pake ni chuo kikuu, mbele ya macho ya wote. Kwa hoja alikuwa na haki. Kwa maisha, wengine hawakuwa na pa kwenda.

Salomon Munk alikuwa na pa kwenda, lakini alilipa gharama yake. Alizaliwa Glogau mwaka 1803, akaona Prusia haina nafasi kwa Myahudi asiyetaka kubatizwa, akahamia Paris. Katika maktaba ya taifa alikaa na miswada ya Kiebrania na Kiarabu mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1846 akatangaza ugunduzi uliowashangaza wanafalsafa. Kwa karne nyingi wasomi wa Kikristo walikuwa wakimnukuu mtu aliyeitwa Avicebron, mwandishi wa kitabu cha falsafa walichokisoma kwa Kilatini. Wengine walimdhani Mwarabu Mwislamu, wengine Mkristo. Munk aliikuta tafsiri ya Kiebrania ya sehemu za kitabu hicho, akalinganisha mstari kwa mstari, akamtambua mwenyewe: Solomon ibn Gabirol, Myahudi wa Hispania wa karne ya 11, ambaye mashairi yake yalikuwa yakisomwa katika masinagogi muda wote huo.

Kazi hiyo ilimla macho. Kufikia miaka ya 1850 Munk alikuwa kipofu. Hata hivyo, kati ya mwaka 1856 na 1866 alitoa juzuu tatu za kitabu kikuu cha Musa bin Maimun, maarufu kwa jina la Maimonides, kwa Kiarabu na kwa tafsiri ya Kifaransa. Mwaka 1864 Collège de France ilimpa uprofesa wa Kiebrania na lugha jirani zake, mahali pa Ernest Renan. Aliyekataliwa Prusia alifundisha Paris bila kuuona ukurasa, vitabu vikiwa kichwani.

Kitabu hicho cha Maimonides kina jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa haraka kuliko wengi. Maimonides alizaliwa Cordoba, akafariki Misri mwaka 1204, akiwa tabibu na kiongozi wa Wayahudi wa huko. Kitabu chake cha falsafa, Dalalat al-ha'irin, mwongozo wa waliotatizika, alikiandika kwa Kiarabu, lakini kwa herufi za Kiebrania. Washairi wa Lamu na Pate waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa namna hiyo hiyo: lugha ya mtaani ikavikwa herufi za msahafu. Ndiyo maana anayetaka kusoma fikra za Kiyahudi za zama hizo hawezi kukwepa Kiarabu. Lazima amsome Farabi, Ibn Sina na Ghazali, kwa kuwa Maimonides na wenzake walifikiri ndani ya mazungumzo ambayo Waislamu nao walikuwamo. Elimu hii inapofanywa vizuri, haijengi ukuta kuzunguka jamii moja.

Bahari ya Hindi nayo imo. Mwaka 1896 Solomon Schechter, aliyefundisha elimu ya marabi Cambridge, alionyeshwa karatasi chakavu iliyoletwa kutoka Mashariki na ndugu pacha, Agnes Lewis na Margaret Gibson. Akaitambua kuwa ni maandishi ya Kiebrania ya kitabu cha Yoshua bin Sira, yaliyodhaniwa kupotea. Akasafiri hadi Kairo. Katika sinagogi la Ben Ezra palikuwa na geniza, ghala ambamo karatasi zenye jina la Mungu ziliwekwa badala ya kutupwa. Alirudi Cambridge na vipande vipatavyo 193,000. Ndani yake zimo barua za wafanyabiashara wa Aden na India, mikataba ya ndoa, hesabu za maduka, na maandishi ya mkono wa Maimonides mwenyewe. Imo pia barua ya David, mdogo wake Maimonides, aliyoandika kutoka bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu kabla ya kupanda chombo kwenda India. Hakurudi, alizama. Kaka mtu aliugua kwa huzuni muda mrefu. Falsafa iliyoonekana kama imeandikwa na mtu asiye na damu ikapata ghafla nyumba, familia na msiba.

Tukirudi Berlin, mwaka 1923, fedha ya Kijerumani ilipokuwa haina thamani hata ya karatasi yake, mwandishi Franz Kafka alikwenda kusikiliza masomo ya Talmudi pale Hochschule. Alikuwa mgonjwa, na nyumba ile ilimpa utulivu. Mwaka 1930 mwanafunzi Regina Jonas aliwasilisha humo tasnifu iliyouliza kama mwanamke anaweza kuwa rabi, akajibu ndiyo kwa hoja za sheria ya Kiyahudi yenyewe. Alitawazwa mwaka 1935, mwanamke wa kwanza duniani kupata daraja hilo.

Wakati huo Wanazi walikuwa tayari madarakani. Martin Buber aliacha kufundisha Chuo Kikuu cha Frankfurt mwaka 1933. Walimu na wanafunzi wa Kiyahudi walipotimuliwa vyuoni, Hochschule ikawa kimbilio lao. Breslau ilifungwa baada ya mashambulizi ya Novemba 1938. Berlin iliendelea, walimu wakipungua mmoja mmoja, mpaka amri ya kufunga ilipotolewa mwezi Julai 1942. Rabi Leo Baeck alikuwa kati ya wa mwisho kufundisha. Mwezi Januari 1943 alipelekwa kambi ya Theresienstadt, na huko, usiku, aliwahutubia wafungwa wenzake juu ya Plato na Kant. Yeye alinusurika. Regina Jonas aliuawa Auschwitz mwaka 1944.

Waliotoka mapema waliibeba elimu kama mtu anayetoka kwenye nyumba inayoungua na kile anachoweza kushika. Wengine walikwenda Yerusalemu, ambako Chuo Kikuu cha Kiebrania kilizinduliwa tarehe 1 Aprili 1925 juu ya Mlima Scopus; taasisi yake ya taaluma za Kiyahudi ilikuwa imetangulia miezi michache. Huko hapakuwa na haja ya kuomba kigoda. Gershom Scholem, mzaliwa wa Berlin aliyefika mwaka 1923, alichagua somo ambalo wazee wake walilionea aibu: Kabala, elimu ya siri ya Wayahudi. Graetz aliiona kuwa upuuzi. Scholem alisimulia kwamba ujanani alimtembelea mzee mmoja mwenye miswada mingi ya Kabala, akamwambia jinsi alivyofurahi kwamba ameisoma yote. Mzee akashangaa: kumbe takataka hizi inabidi azisome pia? Scholem alizisoma. Kitabu chake cha mwaka 1941 kuhusu mikondo ya elimu hiyo kilibadilisha namna dunia inavyouelewa Uyahudi. Julius Guttmann, mwandishi wa historia ya falsafa ya Kiyahudi, alimfuata Yerusalemu mwaka 1934 baada ya kufundisha pale Berlin.

Wengine walivuka Atlantiki. Harvard ilimpa Harry Wolfson kigoda cha fasihi na falsafa ya Kiebrania mwaka 1925. Columbia ilimleta Salo Baron kufundisha historia ya Wayahudi. Wazazi wake waliuawa na Wanazi, na mwaka 1961 alisimama mahakamani Yerusalemu katika kesi ya Eichmann, ofisa wa Kinazi, kueleza ni ulimwengu gani ulioangamizwa. Abraham Joshua Heschel, aliyetetea tasnifu yake juu ya manabii katika Chuo Kikuu cha Berlin mwanzoni mwa 1933, alifika Cincinnati mwaka 1940. Mwaka 1965 aliandamana Selma pamoja na Martin Luther King kudai haki ya Wamarekani weusi kupiga kura. Alikuwa amesoma habari za manabii maisha yake yote, na alijua wanachodai. Mwaka 1969 chama cha wataalamu wa masomo haya kiliundwa Marekani, na vigoda vikaongezeka katika vyuo visivyo na uhusiano wowote na dini.

Afrika Mashariki imeguswa pia. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 baada ya kusoma Agano la Kale na kuamua kulifuata. Gershom Sizomu, mwana wa jumuiya hiyo, alisoma Los Angeles katika chuo cha marabi cha American Jewish University, akatawazwa mwaka 2008, akarudi nyumbani kuwafundisha wenzake.

Ujerumani yenyewe ilichelewa sana. Heidelberg ilipata chuo cha masomo ya Kiyahudi mwaka 1979. Jengo la Hochschule ya Berlin, katika barabara ambayo leo inaitwa Tucholskystraße, sasa ni makao ya baraza kuu la Wayahudi wa Ujerumani. Na ndoto ya Geiger, kwamba teolojia ya Kiyahudi ifundishwe ndani ya chuo kikuu cha serikali sawa na ile ya Wakristo, hatimaye ilitimia Potsdam, jirani kabisa na Berlin, mwezi Novemba 2013. Ilikuwa imepita miaka 165 tangu Zunz apeleke ombi lake.